Kodi nane za mwenye nyumba wa pili: kianzio cha nyumba hapa Dar kinavyokusanywa

Kila miezi sita natoa milioni moja na nusu kumpa mwenye nyumba wangu hapa Segerea, yaani laki 2 na nusu mara sita, na sijawahi kushindwa. Kuna mwaka kazi ilisimama miezi miwili, kuna mwaka mtoto alilazwa, kuna mwaka msiba ulinipeleka Tanga mara mbili ndani ya mwezi mmoja, ila tarehe ya kodi ikifika hela ilikuwepo. Nikaja kujiuliza, hivi huyu mtu anayeweza kukusanya mil 1.5 kila nusu mwaka bila kukosa, mbona akiambiwa akusanye kianzio cha nyumba anasema haiwezekani, mshahara mdogo?

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Nyumba ya milioni 60 (naitumia kama mfano tu, namba yako itakuwa ya kwako), kianzio cha asilimia 20 ni milioni 12. Milioni 12 gawanya kwa milioni moja na nusu unapata 8. Kodi nane. Miaka minne ya kumlipa mtu mwingine kodi ile ile ninayomlipa huyu wa sasa, tofauti ni kwamba huyu wa pili hela yake inabaki kuwa yangu. Tangu siku hiyo namuita mwenye nyumba wa pili, na haya ninayoandika ndo niliyojifunza kwa kumlipa, kwa kuzunguka benki, na kwa makosa mawili matatu yaliyonigharimu hela.

Kwanza tuweke maneno sawa maana hapo ndo watu wanapigwa. Hapa mjini neno "advansi" linabeba vitu vitatu tofauti kabisa. Kuna kishika uchumba, hela unayompa muuzaji ili asiuze kwa mtu mwingine wakati wewe unahangaika na makaratasi. Kuna malipo ya awali, ile sehemu ya bei ambayo benki inataka itoke mfukoni kwako kabla haijaweka ya kwake. Na kuna awamu ya kwanza, hela unayolipa kwa kampuni inayojenga au inayopima viwanja pale unapoingia mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Yote matatu mtu anakwambia "leta advansi", lakini kila moja ina hatari yake. Kishika uchumba kisipokuwa na maandishi yanayosema kinarudishwa lini na kwa sharti gani, kihesabu kimeenda. Mimi nilimpa dalali mmoja laki 5 ya kushikilia nyumba kule Kivule, hatukuandikishana chochote zaidi ya meseji za simu, baada ya wiki mbili nyumba ikawa ina mnunuzi mwingine na simu ikawa haipokelewi. Laki 5 ile ilikuwa theluthi nzima ya kodi moja ya mwenye nyumba wangu wa pili, iliniuma sana na inaniuma mpaka leo.

Ninachoongelea hapa hasa ni hicho cha pili, malipo ya awali ya mkopo wa nyumba, ila hesabu zake zinakufaa hata ukienda njia nyingine.

Kwa nini benki inataka kianzio? Watu wanadhani ni roho mbaya. Benki inakukopesha kwa miaka 15, 20, nyingine mpaka 25, na dhamana yake ni hiyo hiyo nyumba. Ikitokea umeshindwa kulipa itabidi iuze, na nyumba inayouzwa kwa haraka haiuzwi kwa bei yake, alafu kuna gharama za kuuza na za mahakamani kama mtafika huko. Kianzio chako ndo nafasi ya hiyo hasara. Sababu ya pili ni wewe mwenyewe, mtu aliyeweka milioni 12 zake kwenye nyumba haamki asubuhi akaitelekeza. Benki nyingi hapa zinataka kati ya asilimia 10 na 20 ya bei, na kumbuka wanapima kwa bei ndogo kati ya ile mliyokubaliana na ile aliyoandika mthamini. Mmekubaliana 60, mthamini akasema ina thamani ya 52, benki inahesabu kwa 52 na ile 8 iliyobaki inaongezeka kwenye mzigo wako. Hili linawashtua watu wengi dakika ya mwisho.

Na mikopo mirefu ya nyumba yenyewe kwetu ni mambo mapya. Sheria maalum ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hii, maana hela tunazoweka sisi kwenye akaunti ni za leo kesho tunatoa, benki haiwezi kuchukua hela ya aina hiyo ikaikopesha kwa miaka 20 bila wasiwasi. Ndo maana wazazi wetu wengi walijenga tofali kwa tofali, mlango wa benki kwa mtu wa kawaida haukuwepo.

Sasa swali ambalo naulizwa kila nikiongea haya: nikusanye asilimia 10 niingie mapema au nisubiri 20? Hapa naomba utulie na hizi namba, kwangu mimi ndo kiini cha jambo lote. Riba za mikopo ya nyumba miaka ya karibuni zimekuwa zikitembea kati ya asilimia 13 na 19 hivi, tuchukue 15, miaka 20. Ukiweka kianzio cha milioni 6 unakopa 54, marejesho yako kwa mwezi yanakuwa kama laki 7 na elfu 11. Ukiweka milioni 12 unakopa 48, marejesho yanakuwa kama laki 6 na elfu 32. Tofauti ni elfu 79 kwa mwezi, unaweza kuiona ndogo, ila izidishe kwa miezi 240 unapata karibu milioni 19. Milioni 6 uliyoongeza mwanzoni imekuondolea kulipa milioni 19 baadaye! Au iseme hivi, kwa riba hiyo kila milioni moja ya kianzio inakupunguzia kama milioni 3 na laki moja na nusu za marejesho. Mimi nilipoiona hiyo ndo nikaacha kukiona kianzio kama kikwazo cha benki, ile ndo hela yangu inayofanya kazi kubwa kuliko hela yoyote nitakayowahi kuishika.

Lakini kuna upande wa pili na lazima usemwe. Wakati wewe unasubiri, bei haikusubiri. Ukikusanya miaka minne na nyumba ya 60 ikawa 75, ile asilimia 20 imetoka 12 ikawa 15, yaani zimeongezeka kodi mbili nzima. Mfumuko wa bei wa kawaida nchini umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka, ila ardhi ya Dar haifuati bei ya unga. Lami ikifika, daraja likifunguliwa, eneo linapanda kwa mkupuo. Waliokuwa wanatafuta Kigamboni kabla ya daraja la Nyerere kufunguliwa 2016 na waliokuja baada yake hawakuwa wanaongea bei moja. Kwahiyo maoni yangu ni haya: lenga 20, ila ukifika asilimia 15 anza kuangalia nyumba kwa macho ya mnunuzi, na kama nyumba nzuri yenye hati safi imetokea na marejesho unayamudu, usiiache kwa sababu ya kukamilisha namba.

Kuyamudu marejesho ni habari nyingine kabisa. Unaweza kuwa na kianzio chote na benki ikakukataa. Wanaangalia kinachoingia mkononi na madeni uliyonayo. Kwa mtumishi utaratibu ni kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara, na ukishatoa kodi ya mapato, mfuko wa jamii na ule mkopo mwingine uliochukua mwaka juzi ununue gari, nafasi inayobaki ni finyu. Mtu anayepata laki 8 mkononi hawezi kubeba marejesho ya laki 6 na elfu 32 hata kama moyo unataka. Hapo jibu linaweza kuwa nyumba ya bei ndogo zaidi, au kianzio kikubwa zaidi, au mke na mume kuomba pamoja ili vipato vihesabiwe vyote. Na kwa walio kwenye ndoa hata kama anakopa mmoja, sheria ya ardhi inataka mwenza aridhie kwa maandishi nyumba ya familia inapowekwa rehani, kwahiyo hii sio safari ya kufanya kwa siri.

Kwa asiye na mshahara, na wengi wetu hapa mjini ni hao, benki inataka kuona mzunguko: taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, leseni ya biashara, TIN, mapato yanayoeleweka. Nina jirani, dada mmoja anauza nguo Kariakoo, hela anayoshika kwa siku mimi siishiki kwa wiki, ila miaka yote alikuwa anaiweka nyumbani na kwenye mchezo wa kupokezana. Alipoenda kuomba mkopo hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Akaniambia, "Kaka, mimi hela ninayo ila ushahidi sina." Ilimchukua mwaka mzima kupitisha mauzo yake benki ndo wakaanza kumsikiliza. Kwahiyo kwa mfanyabiashara kukusanya kianzio sehemu inayoacha kumbukumbu ni nusu ya maombi ya mkopo yenyewe.

Turudi kwenye hela ya kukusanya, maana milioni 12 sio hela yote. Watu wanafika mlangoni na kianzio kamili wanakuta kuna foleni ya gharama zinawasubiri. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, kwa nyumba ya 60 hiyo ni laki 6. Kuna mthamini, kuna wakili, kuna ada ya benki ya kuandaa mkopo, kuna bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji, kuna usajili wa uhamisho na wa rehani. Muuzaji naye anatakiwa alipe kodi ya ongezeko la mtaji TRA, asilimia 10 ya faida aliyopata kwa mkazi wa hapa, na uhamisho hauendi bila hiyo kulipwa. Kisheria ni mzigo wake, ila wauzaji wengi wanaandika kwenye mkataba "gharama zote juu ya mnunuzi", unasaini kwa furaha kumbe umebeba na kodi yake. Uliza pia kodi ya pango la ardhi inadaiwa ya miaka mingapi. Na kama ni nyumba mpya ya kampuni, uliza bei uliyotajiwa imeshaweka VAT au bado, asilimia 18 sio kitu cha kushtukizwa nacho. Mimi nimejiwekea kwamba juu ya kianzio niwe na asilimia 5 ya bei pembeni, kwa 60 ni milioni 3, yaani kodi mbili zaidi. Kwahiyo kusema ukweli kodi zangu ni kumi, naziita nane kwa sababu nane ndo zinaingia kwenye nyumba.

Zinakaa wapi hizo kodi wakati zinasubiri?

Hapa kila mtu ana dini yake na sitaki ugomvi na mtu, ila nitasema nilichoona. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa mtoto kujifunza, kwa milioni hakifai, kinaibiwa, kinaungua, na zaidi ya yote kinakujua udhaifu wako. Hela kwenye simu iko karibu mno, unaenda kununua umeme unakuta umeshatuma na elfu 30 ya michango. Mchezo wa kupokezana una nguvu moja ambayo benki haina, aibu. Ukijua kijumbe anapita Jumamosi na wenzako kumi wanakusubiri, utatafuta hela popote. Ila mchezo haukui, unatoa laki 1 mara kumi unapokea milioni moja ile ile, na kijumbe akiyumba mmeyumba wote. Mimi nautumia kama bomba tu, zamu yangu ikifika ile hela haiingii ndani kwangu, inapita moja kwa moja kwenda ilikopangiwa. Kikoba na SACCOS viko mbele zaidi kwa sababu kuna gawio na kuna mkopo wa wanachama, ila angalia usajili, angalia vitabu, na uangalie masharti ya kutoa, maana kuna vikundi hela yako inatoka mwisho wa mwaka tu na nyumba haikusubiri mpaka mvunje kikundi.

Kwa sehemu kubwa ya hela yangu mimi nipo kwenye mifuko ya UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, Mfuko wa Umoja ndo wa zamani zaidi, wa 2005, na wa Ukwasi ndo unaowafaa watu wenye safari fupi kama yetu kwa sababu unaanza na hela ndogo na ukitaka kutoa unapata ndani ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ni zawadi, zinatosha hasira ya kununua kitu kupoa. Faida haijahakikishwa, kipande (ile sehemu ya mfuko unayonunua) kinaweza kupanda polepole mwaka mmoja na haraka mwaka mwingine, ila kwa mfano, kama pale ulipoweka panakupa asilimia 10 kwa mwaka na unaweka laki 2 na nusu kila mwezi, milioni 12 unaifikia mwezi wa 41 badala ya 48. Yaani kodi ya nane yote, na zaidi kidogo, imelipwa na faida.

Alafu kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela nayo inakulipa riba, zinauzwa kwa mnada Benki Kuu, unaanzia milioni 1. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba zinalipa kila miezi sita, mdundo ule ule wa kodi ya nyumba! Tatizo ni muda. Ya miaka 2 au 5 inaeleweka kwa mtu anayekusanya kianzio, ila ya miaka 20 au 25 ukiitaka hela mapema itabidi uiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Usiende huko kwa kusikia tu riba kubwa.

Akaunti ya muda maalum ya benki nayo ipo, salama, inakatwa asilimia 10 ya faida kama kodi. Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, amana zetu benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana na kiwango kilipandishwa kutoka milioni 1.5 mpaka 7.5 kwa mteja kwenye benki moja. Kwahiyo mwenye milioni 12 akiigawa benki mbili yote ipo ndani ya kinga. Na kwa ndugu zetu wasiotaka riba, huna haja ya kukata tamaa, kuna Amana Bank na benki nyingine zenye madirisha ya kiislamu, wanakuuzia nyumba kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Kianzio wanataka vilevile.

Sasa mdundo wenyewe. Kosa nililofanya mwaka wa kwanza ni kujilazimisha kuweka kiasi sawa kila mwezi. Kodi yangu ya kweli inaangukia Januari na Julai, Januari hiyo hiyo ina ada na sare za shule na watu wametoka kwenye sikukuu hawana kitu. Kila Januari nilikuwa nachota kule nilikoweka, na ukishachota mara moja mkono unazoea. Nikabadilisha, mwenye nyumba wa pili nikampa tarehe zake, tarehe 1 Aprili na tarehe 1 Oktoba, katikati kabisa ya zile nyingine. Nikitoka kulipa Januari naanza kumkusanyia wa Aprili, nikitoka Aprili namkusanyia wa Julai. Kuna miezi naweka laki 4, kuna mwezi naweka elfu 80, ila tarehe haisogei. Hela inayotoka nje ya utaratibu, kama posho ya safari au kazi ya pembeni, nusu inaenda kwake bila mjadala. Na nina mfuko mwingine mdogo wa dharura, tofauti kabisa, kwa sababu bila huo kila homa ya mtoto inakula kianzio.

Kuhusu ndugu na michango nitasema kidogo kwa sababu ni jambo zito. Sikubaliani na wanaoandika eti ukitaka nyumba acha kusaidia watu. Mama yangu nitamtumia hela hata kama nyumba itachelewa mwaka. Nilichofanya ni kuweka kiwango cha mwaka cha harusi na sendofu, nikikimaliza mwezi wa tisa, kadi za Novemba nawaambia ukweli kwa heshima, na nashangaa wengi wanaelewa. Msiba hauna kiwango, msiba ni msiba.

Hapo katikati utasikia sauti, tena ya watu wanaokupenda: achana na benki, nunua kiwanja ujenge. Na hawajakosea. Wengi wa wenye nyumba Dar wamepita hapo, Chanika, Goba, Madale, Toangoma kote huko kulijengwa na hela za mfukoni. Faida yake kubwa ni kwamba tofali huwezi kulichota Januari. Hasara yake ni pagala, hela inakaa kwenye kuta miaka sita haina paa, kodi unaendelea kulipa Segerea na nyasi zinaota sebuleni. Ukiichagua njia hiyo zile kodi nane bado zipo, tofauti ni kwamba za mwanzo zinaenda kwenye kiwanja na za mwisho kwenye bati, na kama hela ya bati haionekani kwenye hesabu zako usiharakishe kumwaga msingi.

Kwa njia yoyote utakayoshika kuna karatasi zinazoamua kama kianzio chako kinanunua nyumba au kinanunua kesi. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndo mdhamini, hiyo ipo kwenye Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1998 inaisha 2031, muuzaji anakuonyesha hati kweli, ila benki haitakupa mkopo wa miaka 20 juu yake mpaka miaka ihuishwe. Sehemu kubwa ya nyumba za Dar hazina hati kabisa, zina leseni ya makazi ambayo ni ya muda mfupi, au zina mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa peke yake. Nyumba inaweza kuwa nzuri na mwenyewe mwaminifu, lakini kwa mkopo wa nyumba wa miaka mingi ule mkataba wa mtaa hautoshi, na kama kuna urasimishaji unaendelea, yaani kupima eneo ili watu wapate hati, uliza umefika wapi. Kwa fleti kuna hati yake ya sehemu ya jengo, chini ya sheria ya 2008, usikubali kununua ghorofa ya tatu kwa karatasi inayoongelea kiwanja tu.

Na eneo lenyewe. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilianza kubomolewa baada ya miaka ya mafuriko, 2017 zikabomolewa za Kimara mpaka Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Kuna watu walikuwa na miaka 20 pale. Kabla hujatoa shilingi, wakili aende ofisi za ardhi akafanye upekuzi wa hati, aone jina la mmiliki ni la huyu anayekuuzia, aone kama hakuna rehani wala zuio la mahakama, alafu wewe uende mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani, tena nenda wakati wa masika uone maji yanapita wapi.

Siku ya kutoa kianzio mpangilio ni huu, na mimi sitaubadilisha tena baada ya ile laki 5 ya Kivule. Upekuzi kwanza. Tathmini inafuata. Benki inatoa barua ya ofa yenye kiasi, riba, miaka na ada zote, unaisoma nyumbani sio kaunta. Mkataba wa mauziano unasainiwa mbele ya wakili, na ndani yake umeandikwa kwamba mkopo ukikataliwa au hati ikikutwa na tatizo kianzio kinarudi ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwa namba. Hapo ndo hela inahama, benki kwa benki, kwa jina lile lile lililopo kwenye hati, sio kwa namba ya simu ya shemeji yake. Risiti unatoa kopi tatu, moja unampa mtu mwingine akutunzie.

Dada wa Kariakoo alisaini yake mwezi uliopita, vyumba vitatu Chamazi. Mimi nimeshalipa kodi tano, ya sita ni tarehe 1 Oktoba.